Jina Likisomwa Redioni: Neno la Kuaga Jumuiya ya Watuma Salamu

Katika nyumba nyingi za nchi yetu mgeni haondoki hivi hivi. Huomba ruhusa ya kuondoka, mwenyeji humkatalia kidogo kwa heshima, na mwisho humsindikiza mpaka njia panda, au mpaka mahali ambapo paa la nyumba halionekani tena. Kwa Wanyambo wa Karagwe, kama kwa majirani zao Wahaya na Wanyankole, anayeagwa hutakiwa kushinda vema au kulala vema, na anayebaki hurudi nyumbani akiwa ametimiza wajibu. Kumsindikiza mtu ni kumwambia kwamba uhusiano haukukatika. Kilichokatika ni kule kuonana tu.

Insha hii inahusu jumuiya moja kubwa iliyoishi miongoni mwetu kwa muda usiopungua miaka 40, kisha ikaondoka bila kusindikizwa. Nayo ni jumuiya ya watuma salamu wa redio. Haikuwa na bendera wala ikulu. Haikuanzishwa kwa sheria, na kwa hiyo hakuna sheria iliyoivunja. Wanachama wake walikuwa wakulima, walimu, makarani, madereva, askari, wauguzi na wenye maduka madogo, na wengi wao hawakupata kuonana hata siku moja. Hata hivyo walijuana kwa majina, kwa vijiji na kwa nyimbo walizozipenda. Nimechagua kuitazama kutoka Rugu, kata ya wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, kwa sababu mahali palipo mbali na kituo cha redio ndipo thamani ya salamu ilipoonekana wazi zaidi.

Asili ya jumuiya zisizoonana

Ingekuwa kosa kudhani kwamba redio ndiyo iliyowafundisha watu wetu kupendana kwa mbali. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na ngoma ya beni, iliyochezwa kwa vyama vyenye vyeo, sare na mashindano makali. Vyama viwili vilivyovuma sana, Marini na Arinoti, vilienea bara pamoja na askari, wapagazi na makarani, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Mwanachama aliyefika katika mji asiokuwa na ndugu aliweza kupata wenziwe wa kumpokea, kumwuguza akiugua na kumzika akifa. Serikali ya kikoloni iliviangalia vyama hivyo kwa wasiwasi, kwa sababu iliona Waafrika wanaoweza kuwasiliana kutoka mji hadi mji bila kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya.

Baadaye yakaja magazeti. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za barua na mashairi ya wasomaji. Katika kurasa hizo mtu wa Tanga aliweza kuuliza swali kwa shairi, akajibiwa na mtu wa Tabora, kisha mtu wa Lindi akaingia kati kuwasuluhisha. Shaaban Robert mwenyewe ni miongoni mwa waliochapishwa humo. Washairi hao walijuana kwa lakabu na kwa vina kabla hawajajuana kwa sura. Wahenga walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Wasomaji wa Mambo Leo walionyesha kuwa nusu hiyo yaweza kutosha kujenga urafiki wa miaka mingi.

Kwa hiyo redio ilipofika ilikuta desturi iliyo tayari. Ilichoongeza ni sauti, na pamoja na sauti ikaleta watu wasiojua kusoma, ambao gazeti lilikuwa limewaacha nje ya mlango.

Sauti kutoka Dar es Salaam

Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965, baada ya Muungano, kituo kikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Wakati huo huo idhaa za nje nazo zilianza kuzungumza na watu wetu kwa Kiswahili: ya BBC kutoka London mwaka 1957, Sauti ya Amerika mwaka 1962, na Sauti ya Ujerumani mwaka 1963. Redio ndogo za transista, zilizotumia betri na kubebeka mkononi, ziliondoa haja ya umeme. Na penye kijiji kisicho na waya hata mmoja, sauti ya Dar es Salaam ikaweza kusikika chini ya mgomba.

Ilikuwa siasa ya nchi kwamba redio iwe chombo cha elimu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, vikundi vinavyokadiriwa kufikia 75,000 nchi nzima. Walisikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Katika kampeni hiyo wananchi walizoea kuketi pamoja kuizunguka redio moja, na kuhesabu kwamba maneno yanayotoka ndani yake yanawahusu wao wenyewe.

Lakini redio ya elimu ilizungumza na wananchi. Salamu ndizo zilizowawezesha wananchi kuzungumza wao kwa wao. Hapo ndipo penye tofauti, na mwanafunzi wa historia ya utamaduni hana budi kuitia maanani. Mtangazaji aliposoma kadi ya salamu aliazima sauti yake kwa mtu asiyekuwa na cheo. Kwa muda wa nukta chache, chombo kile kile kilichotangaza hotuba ya Rais na habari za dunia kilitamka jina la mkulima wa kahawa wa Rugu, na jina la mama yake, na jina la rafiki yake wa Nachingwea.

Safari ya kadi

Yafaa tufuate safari ya kadi moja. Mtuma salamu alinunua kadi, akaandika jina lake na anwani yake, majina ya wale anaowasalimu na mahali walipo, wimbo anaouomba, na mwisho ujumbe wake mfupi. Ujumbe huo aghalabu ulikuwa methali, onyo au dua: tupendane, tusomeshe watoto, wagonjwa wapate nafuu. Kisha kadi ilitiwa posta.

Kutoka Karagwe, kwa njia ya kawaida, barua ilipanda gari mpaka Bukoba. Kutoka Bukoba ilivuka Ziwa Victoria kwa meli mpaka Mwanza. Mwanza ilipakiwa katika garimoshi, kwa reli iliyofika mji huo mwaka 1928, ikapita Shinyanga, Tabora, Dodoma na Morogoro, hata ikafika Dar es Salaam na kupelekwa Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere. Huko ilingoja zamu yake katika lundo la kadi zilizotoka kila mkoa. Safari ya kwenda ilichukua siku nyingi na ilivuka nchi nzima kutoka magharibi hadi mashariki. Safari ya kurudi, kwa njia ya hewani, haikuchukua hata kupepesa jicho.

Mtuma salamu hakujua ni lini kadi yake ingesomwa. Kwa hiyo alisikiliza kila siku, na katika kusikiliza huko alisikia kadi za wengine. Huu ndio uliokuwa msingi wa jumuiya. Laiti kila mtu angesomewa salamu zake kwa saa aliyoichagua, angesikiliza zake akazima redio. Kwa kuwa alingoja, alijifunza majina ya wenziwe. Baada ya miezi michache alifahamu kwamba mtu fulani wa Mpwapwa hupenda nyimbo za zamani, kwamba fulani wa Makambako amehamishwa kazi, kwamba fulani wa Wete hakusikika tangu mwezi wa Ramadhani. Naye mwenyewe akatambuliwa. Siku moja akasikia jina lake katika kadi ya mtu asiyemjua, na tangu siku hiyo akawa na rafiki.

Adabu na kazi za jumuiya

Watuma salamu walijiwekea adabu ambayo haikuandikwa popote. Aliyesalimiwa alipaswa kurudisha salamu. Wazee walitajwa kwanza. Wagonjwa hawakusahauliwa, kipindi cha Ugua Pole cha Redio Tanzania kilikuwa mahali pa kuwafariji waliolazwa hospitalini, hata wale ambao ndugu zao hawakuwa na nauli ya kwenda kuwaona. Orodha ilifungwa kwa kuwajumuisha wote wanaomfahamu msalimiaji, ili asiyetajwa asinung'unike. Wengi walijipa lakabu, wakajulikana kwa hizo kuliko kwa majina ya ubatizo au ya shule. Mahali pengine waliunda vikundi, wakachangiana katika misiba na harusi, na wenye uwezo walisafiri kwenda kuonana ana kwa ana na marafiki wa hewani. Kenya nayo ilikuwa na vikundi vya namna hiyo vilivyojizatiti sana, tangu zama za Sauti ya Kenya hadi kituo hicho kilipopewa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989; na kwa kuwa mawimbi ya redio hayaombi pasi mpakani, majina yalivuka huku na huko.

Jumuiya hii ilifanya kazi tatu ambazo taifa halikuzilipia. Kazi ya kwanza ilikuwa kufundisha jiografia ya nchi. Mtoto wa Rugu aliyekua akisikiliza salamu alizijua Namanyere, Nachingwea na Wete kabla hajaoneshwa ramani, na alizijua kama mahali penye watu wenye majina. Mwalimu atakubali kwamba mtoto hushika upesi jina la mji ambao mjomba wake ana rafiki.

Kazi ya pili ilikuwa kukiimarisha Kiswahili. Katika vijiji vya Karagwe lugha ya nyumbani ni Kinyambo, na Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya baraza na ya ofisi. Salamu zilikifanya kiwe lugha ya mapenzi na ya utani. Mtu alipomtumia mama yake salamu kwa Kiswahili redioni, alikipa Kiswahili kazi ambayo hapo kwanza ilifanywa na lugha ya mama peke yake. Lugha ya taifa haiwi ya taifa kamili mpaka iweze kubeba mambo ya nyumbani.

Kazi ya tatu, na kwa maoni yangu iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa kumzoeza Mtanzania kumtakia heri mtu asiyekuwa wa ukoo wake, wa dini yake wala wa mkoa wake. Tangu mwaka 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, viongozi wetu walisisitiza kwamba taifa haliwezi kuishi bila utamaduni wake. Mikutano na nyaraka zilifanya sehemu yake. Lakini tabia ya kumsalimu mgeni kila siku, kwa jina, kwa gharama yako mwenyewe, bila kutazamia malipo, haiwezi kuagizwa kwa waraka. Watuma salamu waliianzisha wenyewe na wakaidumisha wenyewe.

Lawama zilizotolewa

Si haki kuwasifu marehemu kwa uwongo. Jumuiya ya salamu ilikuwa na kasoro zake, na waliokuwa wakiilaumu hawakukosa hoja. Walisema kwamba orodha ndefu za majina zinawachosha wasikilizaji na kula wakati ambao ungetumiwa kwa elimu ya kilimo. Walisema kwamba mtu maskini anatumia fedha ya chumvi kununua kadi na stempu. Walisema kwamba wengine hawasalimu kwa mapenzi bali kwa tamaa ya kusikia majina yao wenyewe, na kwamba mashindano ya kutajwa mara nyingi yanazaa husuda.

Tena iko kasoro moja ambayo haikusemwa sana zama hizo. Katika nyumba nyingi redio ilikuwa mali ya mwanamume. Yeye ndiye aliyeishika, aliyenunua betri, na mara nyingi ndiye aliyejua kuandika. Wanawake walisalimiwa mara nyingi kuliko walivyosalimu. Jina la mama lilisomwa katika orodha ya mwanawe. Kadi yake mwenyewe ilikuwa adimu zaidi. Atakayeandika historia ya jumuiya hii asiliache jambo hilo, kwa sababu kimya cha watu fulani nacho ni sehemu ya historia.

Hata hivyo lawama ya upuuzi, kwamba salamu ni maneno matupu, haisimami. Mambo yaliyotokea mlangoni pa Karagwe yalionyesha kwamba kutamka jina la mtu redioni ni tendo zito.

Jina na uhai wa mtu

Watu wa Kagera walikuwa wamekwisha kujua uzito wa redio wakati wa vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya mto Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa. Mpaka Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, mtu wa mkoa huu aliyekuwa na redio alikuwa na jukumu kwa majirani wote.

Fundisho kubwa zaidi lilikuja miaka 15 baadaye, kutoka ng'ambo ya pili ya mto Kagera. Katika Rwanda, mwezi Julai mwaka 1993, ilianza kutangaza redio iliyoitwa RTLM. Nayo ilipiga muziki uliopendwa na vijana. Nayo ilikuwa na watangazaji wacheshi. Nayo ilisoma majina ya watu na kutaja mahali walipo. Lakini mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, ilisoma majina ili wenye majina hayo watafutwe na kuuawa. Mtu aliyesikia jina lake hakufurahi. Alijua kwamba wauaji nao wamelisikia. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara kwa muda wa kama siku moja, na wengine walifika Karagwe. Majirani zetu walikuja na habari hizo, na katika wilaya hizi hakuna aliyeweza tena kusema kwamba maneno ya redio ni upepo.

Kisha redio ikatumiwa kuponya kile ambacho redio ilikuwa imesaidia kukijeruhi. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kiunganishi cha familia, ambamo majina ya watoto na wazazi waliopoteana yalisomwa ili watafutane. Mwaka 1995 Redio Kwizera ilianza huko Ngara kuwahudumia wakimbizi na wenyeji wao. Mtoto alitajwa jina lake, jina la baba yake na kilima alichotoka. Ni kanuni ile ile ya kadi ya salamu: jina, mahali, na jina la mtu umpendaye.

Tukiweka mambo haya pamoja, tunaona vizuri thamani ya kile walichokifanya watuma salamu kwa miongo mingi. Chombo kinachoweza kuyafikia masikio ya nchi nzima kikitamka jina la mtu wa kawaida, humweka mtu huyo mikononi mwa wasikilizaji wote. Hawa wetu walilitamka ili msikilizaji aseme: huyo ni mwenzangu. Taifa ambalo kwa miaka 40 limesikia majina ya makabila yote yakisomwa kwa kutakiwa heri, limepata kinga ambayo haipimwi na daktari. Sisemi kwamba salamu peke yake zilitulinda. Siasa, shule, lugha na uongozi vilikuwa na sehemu kubwa. Nasema kwamba katika hesabu ya vitu vilivyotujenga, kadi ya salamu isiachwe nje.

Namna jumuiya ilivyokwisha

Hakuna aliyeiua jumuiya hii. Sheria ya mwaka 1993 ilifungua njia kwa vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika. Masikio ya taifa, yaliyokuwa yamekusanyika mahali pamoja, yakatawanyika. Vituo vipya navyo vilipokea kadi, na kwa muda ikaonekana kana kwamba salamu zimeongezeka. Redio Tanzania yenyewe ilibadili umbo na jina, hata ikawa sehemu ya Shirika la Utangazaji Tanzania linalojulikana kwa herufi TBC. Karagwe ikapata redio yake ya jamii, FADECO, mjini Kayanga, na mtu wa Rugu akaweza kusikia habari za bei ya maharage na magonjwa ya migomba kutoka jirani. Hiyo ilikuwa neema.

Ndipo ikaja simu ya mkononi. Katika miaka ya 2000 ilienea vijijini, na mtu akaweza kumsalimu rafiki yake wa Nachingwea wakati huo huo, bila stempu, bila mtangazaji na bila kungoja. Vipindi vya salamu havikutoweka, lakini vilianza kupokea ujumbe wa simu badala ya kadi, na watu wa eneo moja wakasalimiana wao kwa wao. Wanawake na vijana, ambao zamani waliitazama redio mikononi mwa baba, sasa wana sauti yao mfukoni. Mwenye kupenda haki hatalilia kadi kwa sababu hiyo.

Lakini kuna kilichopotea. Simu imemkutanisha mtu na wale anaowajua. Kadi ilimkutanisha na wale asiowajua. Simu imeondoa kungoja, na pamoja na kungoja imeondoa kule kuwasikiliza wengine. Tena kadi ilikuwa hati. Ilikuwa na jina, mahali, orodha ya marafiki, wimbo na mwandiko wa mkono wa mwananchi ambaye pengine hakuandika kitu kingine chochote ila barua na fomu ya ushirika. Ujumbe wa simu hufutwa jioni.

Na tofauti na mgeni wa Kinyambo, jumuiya hii haikuaga. Hapakuwa na kipindi cha mwisho ambacho watuma salamu wote walialikwa kutajana. Kadi zilipungua, majina yakapungua, wazee wakafariki, na wenzao wa mbali wakaona tu kwamba fulani hasikiki. Zamani redio hiyo hiyo ilitangaza vifo, na rafiki wa hewani aliweza kupata habari ya msiba. Siku hizi yuko mzee katika kijiji fulani ambaye hajui kama mwenziwe wa Wete, waliyesalimiana kwa miaka 20, yu hai au amekufa, wala hajui amwulize nani.

Jambo hili halikuwapata wanyonge peke yao. Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika, iliyoanza mwaka 1962, ilinyamazishwa ghafla mwezi Machi 2025 kwa amri ya serikali ya nchi yake, na wasikilizaji waliozoea sauti za watangazaji kwa miaka mingi wakafungua redio zao wasiwakute. Hapo tunajifunza kwamba chombo kikubwa kinaweza kuondoka kwa ghafla sawa na kidogo, na kwamba kuaga ni jambo la kufanywa mapema, wakati wahusika wangalipo.

Wajibu wa kusindikiza

Basi tufanye nini? Kuirudisha jumuiya ya kadi haiwezekani, wala si lazima. Kuisindikiza kunawezekana, na kazi hiyo nawakabidhi walimu na wanafunzi, kwa sababu wao wako katika kila kata.

Kwanza, kadi zitafutwe. Yamkini zingaliko ambazo hazikutumwa, au nakala ambazo wenyewe walijiwekea, katika masanduku ya bati na ndani ya vitabu vya zamani. Kila moja inayochomwa kuwashia moto ni ukurasa uliopotea. Mwenye kadi aombwe ruhusa, ielezwe sababu ya kuihifadhi, na akikataa aheshimiwe, kwa maana majina yaliyomo ni ya watu.

Pili, wazee waulizwe, na maswali yawe ya maana. Ulianza lini kusikiliza? Redio ilikuwa ya nani? Ulimsalimu nani mara nyingi, na je, mlipata kuonana? Ulilipataje jina lako la redioni? Ni nani aliyekuwa akikuandikia, kama hukujua kuandika? Mama waulizwe peke yao, maana majibu yao hayatafanana na ya baba. Majibu yaandikwe kwa maneno yao wenyewe, pamoja na tarehe na jina la mwandishi.

Tatu, darasa lichore ramani. Lichukue kadi moja tu ya mtu wa kijijini kwao, lipige mstari kutoka kijiji hicho mpaka kila mahali palipotajwa. Wanafunzi wa Rugu wakifanya hivyo wataona kwamba kata yao, ambayo katika ramani ya nchi huenda haikuandikwa, iliwahi kuwa kitovu cha mistari inayofika baharini. Nakala za kazi hizo zibaki shuleni, na nyingine zipelekwe kwa afisa utamaduni wa wilaya, ambaye aweza kuziunganisha na Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Nne, na hili halihitaji fedha: mtuma salamu wa zamani aliye hai aalikwe shuleni, na majina ya wenziwe anaowakumbuka yasomwe kwa sauti mbele ya watoto, walio hai na waliokufa. Hiyo ndiyo njia panda. Hapo ndipo tutakapomfikisha mgeni wetu, tumtakie kulala vema, kisha turudi nyumbani.

Mimi nimezoea kusema mambo ya namna hii kwa vina, na kwa kuwa kila kadi ilimalizika kwa ujumbe, nami namalizia kwa wangu:

Tulitumana salamu, pasi nyuso kuonana,
Kwa wino na kwa kalamu, kindugu tukaungana,
Leo imekwisha zamu, ni wajibu kuagana,
Majina yetu yadumu, wajukuu kuyaona.